Hodi ya Ijumaa

Mwezi uliopita tulikuwa Kigombe kwenye arobaini ya Shangazi Mwanajuma, dada yake baba. Baada ya kisomo yakaletwa masinia ya wali, watu wakakaa makundi makundi kwenye mikeka, na mimi nikajikuta sinia moja na dada yangu Zuhura na kaka yetu Hamisi. Hatukupanga. Ni nafasi tu zilizokuwa zimebaki. Tulikula, kila mtu mbele yake, mpaka Hamisi alipovunja kipande cha ukoko akakiweka upande wangu bila kunitazama, kama alivyokuwa akifanya zamani. Zuhura akauona ule mkono. Akasema, "Salma, tulianzishe tena sinia la Ijumaa. Kwako. Baba naye mtu mzima sasa, anakula hotelini kama msafiri." Nikanyanyuka nikasema naenda kunawa, ingawa sikuwa nimeshiba, nikasimama kwenye pipa la maji uani nikiosha mkono uleule mmoja mpaka mke wa binamu yetu akaniuliza, "Wifi, sabuni haitoki au mkono ndio hautoki?"

Ninaandika haya kwa sababu siku ile nilishindwa kumjibu dada yangu. Watu wanaonijua sasa huniona mtulivu. Nafundisha tuisheni barazani kwangu Chumbageni, na wazazi wa watoto hunisifu kwamba sipandishi sauti. Hawajui kwamba nikishawaaga wanafunzi narudia kichwani kila neno nililosema, nikitafuta nilipokosea. Nilikuwa hivyo tangu mdogo, na mwaka ule wa sinia ndio nilikuwa hivyo kupita kiasi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimeanguka. Sisemi kufeli peke yake. Nilianguka sakafuni, ndani ya chumba cha mtihani wa kidato cha nne, karatasi ya hesabu ikiwa mbele yangu, kwa kuwa nilikuwa nimelifuta jibu la kwanza mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka, na nilipoliona lile tundu pumzi ikanikatika. Mitihani iliyobaki sikuifanya. Nikaamua kujisomea nyumbani na kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, bila mwalimu, kwa vitabu vya kuazima na simu ya Hamisi alipokuwa ameiacha kwenye chaji. Tangu siku ile nyumbani kwetu walinibeba kama chombo cha kubebwa kwa mikono miwili. Mtu akifunga mlango kwa nguvu, mwingine anamwambia, "Taratibu, Salma anasoma." Nilidhani huo ni upendo, na ulikuwa upendo. Sikujua kwamba mtu akishazoea kukubeba hivyo, hakuulizi tena kama unaweza kutembea.

Nyumba yetu ya Mabawa, ambayo mama aliachiwa na babu, haikuwa na saa ya kula. Mama alikuwa mshonaji na cherehani yake ilikaa barazani, hivyo chakula chake alikila vipande vipande kati ya mteja na mteja, sindano kifuani. Zuhura alikuwa muuguzi, leo zamu ya asubuhi, kesho ya usiku. Hamisi aliendesha bodaboda na alikula akiwa amesimama, kofia ya pikipiki kwapani. Baba aliendesha lori la saruji. Akiondoka Tanga huwezi kujua atarudi lini. Mimi ndiye niliyeshinda nyumbani, kwa hiyo mimi ndiye niliyepika. Nilipakua sahani, nikazipanga mezani sebuleni, nikazifunika kawa, kisha nikarudi chumbani kusoma. Nikiwa katikati ya hesabu nasikia kijiko kikigonga sahani, halafu mlango. Nikitoka nakuta kawa imefunuliwa na mifupa ya samaki imepangwa pembeni. Kwa mifupa tu nilijua ni nani. Baba alikuwa akiifyonza mpaka inakuwa myeupe kama meno. Zuhura alikuwa akiacha nyama kwa haraka. Nilikuwa nikiishi na watu wanne na kuwajua kwa mabaki yao.

Siku moja, baada ya Idi ya mfungo, nilikuta kawa zote zimefunuliwa na hakuna hata mmoja niliyemwona akila. Nikakaa pale mezani nikalia, kisha nikanawa uso nikaenda uvunguni mwa kitanda cha mama nikalivuta sinia kubwa la bati alilokuja nalo siku ya harusi yake. Nikalisugua kwa majivu na limau mpaka likang'aa. Nilipowaambia nilichokusudia, walikuwa wote barazani, jambo ambalo lenyewe lilikuwa muujiza. "Kila Ijumaa," nikasema, "wanaume wakitoka msikitini, tunakula wote. Sinia moja. Zuhura apange zamu, baba apange safari, mama afunike cherehani."

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema baba, "na anayechelewa?"

"Anakula ukoko."

"Basi mimi nitachelewa kila wiki," akasema Hamisi. "Mwenzenu ukoko ndio chakula changu."

Mama alikata uzi kwa meno. Halafu akaniambia, "Sinia hilo halijapakuliwa tangu uzaliwe. Ulioshe tena, limekaa na panya." Nikalichukulia hilo kuwa kibali.

Wale ambao hawajawahi kuwa na hofu kama yangu watacheka nikieleza jinsi nilivyozipika Ijumaa zile. Nazi nilianza kuikuna Alhamisi jioni, kisha nikaona tui limelala, nikalimwaga, nikaanza kuamka alfajiri. Wali ukishika chini kidogo napika mwingine. Nilijifunza mchuzi wa papa kwa kuwasikiliza wanawake sokoni wakibishana kuhusu bizari, na bada nilijifunza kwa kukosea, nikimwaga uani mabonge ya unga wa muhogo ambayo hata kuku waliyakwepa. Kisha tukikaa kwenye mkeka nilikuwa sili. Nilitazama midomo yao. Nani ametafuna haraka, nani amesita, nani amekunywa maji mapema mno. Baba alikaa upande wa mlango, mama ubavuni pake, kisha Zuhura, kisha mimi, kisha Hamisi. Na kulikuwa na kitu kimoja nilichokipenda kuliko sifa zote: mama alikuwa akichambua samaki kwa vidole vyake, anatoa miiba, anazisogeza zile nyama mbele ya baba. Hakumtazama akifanya hivyo. Aliendelea kuzungumza na Zuhura habari za kitambaa, na mkono ukawa unakwenda wenyewe. Sikuwa nimewahi kuuona mkono ule, kwa kuwa sikuwa nimewahi kuwaona wakila pamoja.

Ijumaa ya kwanza Zuhura na Hamisi waligombana kuhusu simu, nikaondoka kwenye mkeka nikajifungia chumbani. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata nikatunga sheria: kwenye sinia hakuna maneno machungu. Malalamiko, ugomvi, habari za wagonjwa, yote yabaki nje na viatu. "Amri imepita," akasema mama. Hamisi akaigeuza mzaha. Mtu akianza tu, "Lakini jana ulinifanyia..." yeye anapaza sauti, "Sinia!" na wote tunarudia, "Sinia! Sinia!" mpaka mlalamikaji anacheka. Ikawa neno la nyumba. Hata siku za kawaida, mama akianza kumsema Hamisi kwa kurudi amelowa mvua, Hamisi alikuwa anainua mikono, "Sinia, mama, sinia." Nilijivunia neno lile kama mtu aliyejenga nyumba. Nilikuwa nimewapa watu wangu mahali pa amani. Ndivyo nilivyoamini, na bado naona haya kukumbuka jinsi nilivyoamini kwa nguvu.

Kisha mambo yakabadilika kidogo kidogo. Nitayaeleza kama nilivyoyaona wakati ule, kwa kuwa huko ndiko ninakoumia. Baba alianza kulala kwenye kochi sebuleni akirudi safari, akasema ni joto. Ilikuwa kipupwe, lakini mtu aliyeshinda kwenye injini, nikajiambia, joto lake analijua mwenyewe. Mama aliacha kumchambulia samaki. Mkono wake sasa ulikuwa ukimsogezea Hamisi, na Hamisi alikuwa akizikubali zile nyama ameinamisha kichwa. Nikadhani papa ana chumvi nyingi, mama anamwepushia baba kwa ajili ya presha. Wiki iliyofuata nikamloweka papa mara mbili. Baadaye baba akapotea katikati ya wiki kabisa. Zuhura akaniambia amebadilishiwa njia, sasa anapeleka mzigo Tunduma, na tajiri wake hampi nafasi. Lakini Ijumaa hakukosa. Alifika mapema kuliko zamani, kanzu imepigwa pasi, amenyoa ndevu vizuri. Na alipofika mlangoni, badala ya kuingia, alivua viatu akasimama nje ya pazia akasema, "Hodi."

Tulicheka. Yaani mimi nilicheka. "Baba, unapiga hodi kwako?"

"Hodi wenyewe," akasema tena, bila kuingia.

Mama, kutoka ndani, akajitanda mtandio wake vizuri kichwani, akauzungusha shingoni. "Karibu," akasema.

Nikaipenda hodi ile. Nilidhani ni heshima kwa sinia langu, kwamba baba ameamua kuja kwenye meza yangu kama mgeni rasmi, kwa utani wake uleule wa mheshimiwa mwenyekiti. Wiki iliyofuata nilimsubiri aiseme. Nilianza hata kutandika mkeka ule mzuri wa rangi kwa ajili yake. Na mtandio wa mama nikaupa maelezo yake pia: Ijumaa ni siku kubwa, mama amevaa. Shangazi Mwanajuma naye akaanza kuja kila Ijumaa kutoka Kigombe na kikapu cha samaki, akajipenyeza kati ya baba na mama. "Nisogezeeni hapo, mimi napenda upande wa kichwa cha samaki." Ilikuwa fahari kwangu: watu wanapanda gari kutoka Kigombe kuja kula chakula changu. Hatimaye mama akaacha kukaa kabisa. Alipakua, akaleta maji ya kunawa, kisha akarudi jikoni. "Nimeshaonja mwanangu, nimeshiba kwa kuonja." Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilijua kwamba chakula kimeharibika mahali fulani na mama ananihurumia kuniambia. Nikabadilisha mchele. Nikabadilisha nazi. Nikaanza kuchuja tui kwa kitambaa kipya. Wiki moja nilipika wali mara tatu, na mama alinikuta jikoni nimeinamia sufuria nikiunusa, akanishika bega akasema, "Wee Salma, wali hauna kosa." Akataka kusema zaidi. Nilimwona mdomo ukifunguka. Halafu mteja akaita barazani.

Nililijua jambo kwenye harusi ya jirani. Bi Rehema, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa akimwoza binti yake, na wanawake wa mtaa tulikusanyika uani kwake asubuhi kukuna nazi na kumenya vitunguu. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, nakuna, najitahidi nisifike kwenye kifuu ili machicha yasiwe meusi. Wanawake walikuwa wakitaniana, wanawapangia wajane na walioachwa waume wa kuwaoa, vicheko mpaka machozi. Bi Rehema akanigeukia.

"Na wewe Salma, mwambie mama yako asijifungie na cherehani. Kuna mzee wa watu pale Ngamiani, fundi saa, mtu wa swala, anaulizia."

"Anaulizia nini, bibi?"

"Haa! Anaulizia nguo ya kushonwa!" Wakaangua kicheko. "Anataka kuposa, mwanangu. Eda imekwisha zamani. Mwanamke hawi mti wa kupandwa pale pale."

Nikacheka na mimi, kwa kuwa nilidhani ni utani. Nikasema, "Mama yangu ana mume, bibi. Yule mzee atapigwa na spana ya lori."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyekuwa anamenya vitunguu pembeni yangu akasimamisha kisu. Bi Rehema akanitazama, kisha akawatazama wenzake, na nikaona uso wake ukibadilika kama mtu aliyekanyaga mtoto. "Kumbe," akasema polepole. "Astaghafirullah. Kumbe huyu mtoto hakuambiwa." Na mmoja, sijui nani, akasema kwa sauti ya chini, "Mtaa mzima unajua, jamani." Niliendelea kukuna ile nazi. Nakumbuka hilo vizuri, nilikuna mpaka kifuu, machicha yakawa meusi, na nikawaza tu: wataona nimeiharibu.

Nilipofika nyumbani Zuhura alikuwa ametoka zamu, miguu kwenye beseni la maji. Nikamwuliza mama ameachwa lini. Hakuuliza nimesikia wapi. Akasema, "Mwezi wa pili wa sinia lako. Talaka moja. Walikaa eda wakitazamana, sote tukiomba baba amrejee. Hakumrejea."

"Sote nani?"

"Sisi. Shangazi. Mimi na Hamisi."

"Na Tunduma?"

Akatazama miguu yake kwenye beseni. "Amepanga chumba Ngamiani. Hajawahi kwenda Tunduma."

Hamisi alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake. "Mimi nilisema uambiwe," akasema. "Wallahi nilisema. Nikaambiwa utaanguka tena. Tukakubaliana mpaka umalize mtihani."

"Kwa hiyo mlikuwa mnakuja kuigiza."

"Tulikuwa tunakuja kwa ajili yako!" Zuhura akanyanyua miguu, maji yakamwagika. "Unadhani ni rahisi kukaa pale? Shangazi anapanda gari kutoka Kigombe ili baba na mama wasikae bega kwa bega na wao si mume na mke. Mama anaona haya, anakimbilia jikoni. Na nilijaribu kukwambia, Salma. Nilianza, siku ile ya bada, nikasema 'kuna jambo la baba na mama', ukanipigia kelele. Unakumbuka ulichosema? 'Sinia!' Na ukacheka. Sheria ilikuwa yako."

Nilikumbuka. Ndiyo sababu sikupata jibu. Nimelifikiria jibu tangu siku ile na nimelipata nikiwa nimechelewa, kama majibu yangu yote: sheria ilikuwa ya kula nayo, haikuwa ya kunifukia nayo. Wiki zilikuwa na siku nyingine sita. Kulikuwa na uani, kulikuwa na jikoni, kulikuwa na kitanda changu ambacho Zuhura alilala ubavuni pangu. Walichagua kuninyamazia kokote, wakaja kuifunika ile siri kwa wali wangu. Mama alipoingia aliniambia maneno ambayo bado nayasikia vile alivyoyasema, amesimama na futi ya kupimia shingoni. "Ningekwambiaje, mwanangu? Kila Ijumaa ulikuwa ukinitazama mdomoni nikimeza. Ningekwambia, usingenipa tena kitu cha kumeza." Alidhani ananieleza mapenzi yake. Mimi nilisikia kwamba nilipokuwa nikimtazama mdomoni kwa hofu ya chumvi, yeye alikuwa ameshikilia nyuma ya meno kitu ambacho mtaa mzima ulikuwa umeshakitafuna.

Nilirudi nyuma nikazipitia Ijumaa zote moja moja, na zote zilikuwa zimegeuka. Kila nilichokuwa nimekihesabu kuwa ushindi wangu kilikuwa msiba wao. Baba kuja mapema: mgeni hachelewi kwa watu. Kanzu ya pasi, samaki wa shangazi, mtandio wa mama, yote. Na hodi. Mtu hapigi hodi kwake. Nilikuwa nimelisema hilo kwa mdomo wangu mwenyewe, nikacheka, na wao wakaniacha nicheke.

Ijumaa ile nilipika. Walidhani sitapika. Nilipika wali wa nazi na mchuzi wa papa, na kwa mara ya kwanza sikuonja hata kidogo. Tulikaa kwenye mkeka: Zuhura, Hamisi, mimi. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi. Shangazi hakuja, nadhani walishampigia simu. Tukasikia viatu vinavuliwa nje, nikaona miguu ya baba chini ya pazia, na soksi zake za kijivu za Ijumaa.

"Hodi."

Zuhura akamtazama mama. Mama, aliyekuwa akijibu kila wiki, akanitazama mimi. Nilielewa kwamba wamenipa mimi kazi hiyo sasa, baada ya kuninyima kila kitu kingine. Kwetu mtu akipiga hodi mara tatu bila kujibiwa anageuka anakwenda zake, hasukumi mlango wala haulizi kwa nini. Tulifundishwa hivyo chuoni tukiwa wadogo, na aliyenipeleka chuoni akanishika mkono njiani ni baba.

"Hodi wenyewe."

Mvuke wa wali ulikuwa ukinipiga usoni. Nilikuwa na neno mdomoni na nilikuwa na haki ya kulizuia. Nilitaka aingie bila kuulizwa. Nilitaka alivute lile pazia, aseme, mimi ni baba yenu, nimemwacha mama yenu, na sasa nipeni chakula. Ningempa. Mungu anajua ningempa, na samaki ningemchambulia mimi.

"Hodi," akasema mara ya tatu, kwa sauti ndogo, na ndani ya sauti ile nikajua ameshaambiwa kwamba najua. Kisha nikaiona miguu ikitafuta viatu. Hamisi akataka kunyanyuka. Zuhura akamshika kanzu. Tukasikia geti. Hapo mama akatoka jikoni, akakaa kwenye mkeka mahali pake pa zamani, akatia mkono kwenye sinia akala. Ndiye peke yake aliyekula. Akasema, "Wali mzuri," na machozi yalikuwa yakimdondokea mkononi.

Sinia likarudi uvunguni. Mtihani nilifanya, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: sikuanguka. Nilikaa kwenye kiti, nikaandika, nikafuta pale palipostahili, nikatoka kwa miguu yangu. Matokeo yalipokuja Zuhura alisema, "Unaona? Tulifanya vizuri kukungoja." Alikuwa na furaha ya kweli. Hakuona kwamba mtihani ule niliufanya nikiwa najua kila kitu. Tangu hapo baba nilimwona kwenye idi na misiba, nikampa shikamoo naye akaniitikia marahaba, nikamuuliza afya, akaniuliza kazi. Mama hakuolewa na fundi saa wala na mwingine. Kwa nini walichokana sijui mpaka leo. Niliacha kuuliza nilipoona kwamba nitapewa jibu litakalopimwa kwanza kama naliweza.

Juma lililopita nilimpigia Zuhura nikamwambia, njooni Ijumaa. Sikusema tumeanza tena. Nilisema njooni. Mama nilipomwambia alinitumia kopo la achari ya mbilimbi na ujumbe kwa mdomo wa Hamisi: "Mwambie Ijumaa zangu nilishazimaliza, lakini achari waile." Hamisi akaniletea na sinia lilelile kutoka uvunguni kwa mama, nikalisugua kwa majivu na limau. Wali ulishika chini kidogo na nikauacha hivyo. Walipofika, yeye na Hamisi, Zuhura aliniuliza, "Na sheria?" Nikamwambia hakuna sheria. Akavua ushungi, akakaa, na kabla hata ya kunawa akaanza kulalamika kuhusu mumewe, kwa kirefu, nami sikumkatisha.

Kisha nikasikia viatu vinavuliwa nje. Mlango wangu una pazia jepesi, na chini yake niliiona miguu ya mzee, haina soksi, kisigino kimepasuka. "Hodi," akasema baba. Nyumba ile ni yangu mimi, hapakuwa na mwingine wa kujibu. Zuhura akakatisha habari za mumewe. Hamisi akaishika glasi asiinywe. "Hodi wenyewe," akasema mara ya pili, na mimi nikakaa na mwiko mkononi nikiisubiri ya tatu. Sikuwa nimeamua. Nilitaka kuisikia tu, halafu nitajua.

Hakuisema. Miguu ilibaki palepale. Nilimsikia akivuta pumzi kana kwamba anaianza, kisha akaimeza. Gari likapita barabarani, mtoto wa jirani akalia akanyamazishwa, na baba alikuwa bado amesimama nje ya pazia, kimya, akiitunza hodi yake ya mwisho. Alijua vizuri kwamba akishaitoa, na mimi nisipojibu, itambidi avae viatu.

Nikaenda nikalivuta pazia. Alikuwa amevaa kanzu ya pasi. Sikusema karibu, neno lile nililitafuta na sikulipata, na sikutaka kumdanganya. Nikasema, "Baba, chakula kinapoa."